Kontena Lisilojaa: chama cha kahawa, mkopo wa mauzo ya nje na shilingi 150

Kisa hiki ni cha msimu wa 2024/25, kwenye mteremko mmoja wa Kilimanjaro juu ya Moshi. Jina la chama, kata, benki na mnunuzi nimevificha. Tarakimu za chama nimezisogeza kidogo na kuziondolea senti, kwa makubaliano na bodi, lakini uwiano wake haujabadilika. Nilikuwapo kama mshika vitabu wa muda, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja yana mwandiko wangu.

Usuli

Chama ni AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, cha wakulima kama 600. Wengi wana vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya nusu ekari hadi ekari moja na nusu: kahawa chini ya migomba, ng'ombe mmoja au wawili zizini, na mibuni mingine iliyopandwa na babu. Chama kina mtambo wake wa kumenya kahawa mbivu na vitanda vya kuanikia. Kahawa ya maganda hupelekwa kukobolewa Moshi mjini, ikaonjwa, ikapangwa madaraja, kisha ikaenda mnadani.

Mauzo ya nje si jambo jipya huku. Wakulima wa mlima walianzisha umoja wao wa kwanza mwaka 1925, na kufikia 1933 KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilikuwa kimesajiliwa. Vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Katika safari hiyo yote kahawa haikuacha kwenda Ulaya. Kilichobadilika kila mara ni nani anatangulia kutoa fedha wakati tunda liko kwenye kikapu na dola bado ziko ng'ambo. Zamani aliyetangulia alikuwa ushirika wenyewe. Baada ya soko kufunguliwa akawa mnunuzi mwenye mfuko wa fedha taslimu, anayesimamisha pikapu njia panda na mzani wake.

Pengo hilo la fedha ndilo lililoifanya serikali kuanzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfuko wa dhamana za mikopo ya mauzo ya nje unaosimamiwa na Benki Kuu. Mantiki yake haina mafumbo. Benki ya biashara inaogopa kumkopesha muuza mazao asiye na hati ya nyumba. Serikali inasema, akishindwa tutabeba sehemu ya hasara. Benki inakopesha, mazao yanatoka, dola zinaingia, uchumi unakua. Mlolongo huu nimeusikia kwenye semina nyingi za hoteli za Arusha, na kwenye slaidi haujawahi kukwama.

Mambo yalivyokwenda

Mnunuzi mdogo wa Ujerumani alikuwa amekunywa kahawa ya chama msimu uliopita, akaipenda. Akataka kontena moja la futi 20, yaani mifuko 320 ya kilo 60, madaraja ya juu tu, bila kupitia mnadani. Mei 2024 mkutano mkuu ukakubali. Hesabu yetu ilikuwa hivi: wanachama wataleta tani 180 za kahawa mbivu, zitatoa karibu tani 29 za kahawa safi, na theluthi mbili ya hizo zitafikia daraja analotaka. Kontena linajaa barabara.

Mkataba ulisainiwa Julai kwa bei isiyobadilika ya dola 3 kwa ratili. Wakati huo bei ya New York, soko ambalo dunia hupimia bei ya kahawa ya arabika, ilikuwa ikizunguka dola 2.40 kwa ratili. Mwenyekiti, mzee ambaye wote tunamwita Meku, alirudi kutoka mjini akitabasamu, na tulikuwa na sababu.

Kwa malipo ya awali tulipanga shilingi 1,500 kwa kilo ya kahawa mbivu, kwa hiyo tulihitaji milioni 270. Tuliomba zote. Kabla ya benki kufungua faili ilitaka ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, uliopitishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, muhtasari wa mkutano mkuu, hesabu zilizokaguliwa, mkataba wa mnunuzi na barua ya dhamana. Kila karatasi ilisubiri mwenzake. Tuliidhinishiwa milioni 160 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na zikaingia kwenye akaunti katikati ya Septemba.

Kahawa ya ukanda wa chini ilikuwa imeanza kuiva Julai.

Kwa wiki kama nane mtambo wetu ulipokea ndoo chache za wazee waaminifu waliokubali kuandikiwa risiti. Wengine waliuza njia panda kwa shilingi 1,100. Mama mmoja, mjumbe wa bodi, aliniambia bila kuona aibu: «Baba, mimi nimeuza debe tano pale chini. Mjukuu alikuwa hospitali. Risiti yenu haitibu.» Nilimwandika kwenye daftari la waliouza nje ya chama, kisha nikamfuta. Hilo ni kosa la kwanza lenye mwandiko wangu.

Fedha zilipoingia tulifungua mizani kwa 1,500 taslimu. Kabla wiki haijaisha, pikapu za njia panda zikapanda hadi 1,400. Nitarudi hapo.

Halafu soko la dunia likapagawa. Ukame Brazili ulitia watu hofu kuhusu mavuno, na mwishoni mwa Novemba bei ya New York ikavuka dola 3. Wanunuzi binafsi walianza kulipa zaidi yetu. Desemba, watoto wa mlimani wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, kila kaya inahitaji fedha za sikukuu, na nyuma ya sikukuu inasubiri ada ya Januari. Kahawa ya ukanda wa juu ilipita mbele ya mtambo wetu ikiwa kwenye magunia ya watu wengine.

Tulifunga msimu na tani 132. Madaraja ya juu yalitoa mifuko 234. Kontena lilipungukiwa mifuko 86.

Maamuzi ya Desemba

Bodi ilikutana mara tatu ndani ya siku kumi. Njia zilikuwa tatu, kila moja na mtetezi wake.

Ya kwanza ilikuwa kununua mifuko 86 kwa chama jirani. Bei yao ilikuwa imeshapita bei ya mkataba wetu, na hesabu ya haraka ilionyesha hasara ya zaidi ya dola 6,000. Nani angeibeba? Mwanachama aliyeleta kahawa yake yote angemlipia yule aliyepeleka yake njia panda. Ilikataliwa.

Ya pili ilikuwa kuvunja mkataba na kupeleka kila kitu mnadani. Vijana wa bodi ndio walioipigania, na kwa hesabu walikuwa sahihi. Meku aliwasikiliza, kisha akasema maneno machache: «Tukimtoroka huyu, mwakani nani atatuandikia?» Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Mkopo ulikuwa umefungwa kwenye mkataba huo huo, na kuvunja mkataba kungeifanya benki idai fedha zake papo hapo.

Ya tatu ilikuwa kumpigia mnunuzi na kumweleza ukweli. Tulimpigia. Aliudhika, akakaa kimya siku mbili, kisha akakubali mifuko 234, akaongeza senti 20 kwa ratili bila kushurutishwa na kifungu chochote, na akajitolea kutuma dola 30,000 mapema ili tusilemewe na riba.

Dola hizo zikaingia mwishoni mwa Desemba, kipindi kibaya kuliko vyote. Bajeti yetu ilikuwa imekadiria dola kwa shilingi 2,650, na Oktoba ilikuwa imefika hata 2,700. Desemba shilingi ikajiimarisha kwa kasi ambayo wafanyabiashara wa Moshi walikuwa hawajaiona miaka mingi, dola ikashuka hadi karibu 2,400. Tulibadilisha. Milioni saba na nusu zilizokuwa kwenye bajeti hazikuwapo tena, na hakuna mtu aliyeziiba. Zaidi ya hayo, kwa masharti ya mkopo kila senti ya mauzo ilipita kwenye akaunti ya benki na kukata deni kwanza. Wanachama walisikia kwamba «dola za Mzungu zimeingia», wakaja ofisini kuulizia malipo ya pili kabla ya Krismasi, na nikalazimika kuwaambia kwamba zimeingia kweli na zimeshatoka.

Mzigo ulipakiwa Januari. Meli za Ulaya zilikuwa zikikwepa Bahari ya Shamu tangu mwisho wa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu kwa kama wiki mbili. Mnunuzi alilipa salio katikati ya Machi 2025, dola ikiwa imerudi juu ya 2,600.

Matokeo

Mauzo ya moja kwa moja yalileta karibu dola 99,000, sawa na shilingi milioni 253. Madaraja ya chini, tani saba hivi, tuliyapeleka mnadani Moshi katika wiki ambazo New York ilikuwa ikielekea dola 4. Yakapata bei iliyokaribia ile tuliyouzia madaraja ya juu! Wajumbe walipoiona karatasi ya mnada, mmoja alicheka hadi akatoka nje.

Baada ya malipo ya awali, ukoboaji, usafiri, riba, ada za benki na gharama za chama, zilibaki kama milioni 108 za malipo ya pili. Mkulima aliyekuwa mwaminifu kwetu alipata jumla ya karibu shilingi 2,300 kwa kilo. Chama jirani, kilichopeleka kila kitu mnadani na kusubiri bila mkopo, kililipa 2,450.

Shilingi 150 kwa kilo, kwa tani 132, ni karibu milioni 20.

Sasa itazame hesabu hiyo hiyo kwenye vitabu vya wengine. Benki imelipwa deni na riba kwa wakati, na kwake huu ni mkopo uliofanikiwa. Mfuko wa dhamana haukuguswa, na nao umefanikiwa. Takwimu za biashara ya nje zimeingiza dola 99,000 za kahawa kutoka kwa muuzaji mpya. Vitabu vitatu vinasema ushindi. Kitabu cha nne, kile chenye majina ya wanachama na alama za vidole gumba, kinasema tumepungukiwa.

Uchambuzi

Nianze na swali ambalo semina hazipendi: bila mkopo huu, je, kahawa hii isingetoka nchini? Ingetoka. Mifuko ile ile 234 ingeingia mnadani, ikanunuliwa na msafirishaji mwenye ofisi Moshi, ikapita bandari ile ile. Na kwa kuwa bei ya Januari ilikuwa juu ya bei tuliyofunga Julai, nchi pengine ingepata dola zaidi kwa kahawa hiyo hiyo. Kwa hiyo mkopo «ulioongeza mauzo ya nje» haukuongeza hata kilo moja.

Haikuwa bahati mbaya ya mwaka mmoja. Ndivyo mbuni ulivyo. Mche huchukua miaka kama mitatu kabla ya kutoa matunda ya maana, na mkopo wa miezi sita hauwezi kuufanya mti uzae zaidi mwaka huu. Mkopo wa kukusanya mazao hugusa mambo mawili tu: fedha inafika lini, na nani anabaki na tofauti ya bei. Anayetaka tani zaidi anatakiwa kukopesha miche, samadi na mashimo, na kusubiri. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wanazalisha aina bora zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ukipita vihamba vyetu utaona bado mibuni ya zamani inayonyunyiziwa dawa ya gharama, au haipuliziwi kabisa.

Wachumi wamebishana miaka mingi kama mauzo ya nje ndiyo yanayokuza uchumi au uchumi unaokua ndio unaouza nje. Kwenye ngazi ya taifa siwezi kuumaliza ubishi huo. Kwenye mteremko wetu naona kitu kimoja wazi: dola ya kahawa haikuzi chochote kabla haijawa malipo ya mkulima, na malipo ya mkulima hayakuzi chochote yakishalipa deni la duka. Yakifika Agosti yananunua samadi na kulipa vibarua wa kupogolea. Yakifika Machi yanakuta ada imeshakopwa kwa mwenye riba ya mtaani. Kiasi kinaweza kuwa kile kile, lakini kazi yake mlimani si moja.

Hapo ndipo mkopo huu ulipofanya jambo jema ambalo hakuna kitabu kilicholiandika. Tulipofungua mizani kwa 1,500, bei ya njia panda ilipanda kutoka 1,100 hadi 1,400 ndani ya wiki moja. Waliofaidika ni pamoja na wasio wanachama, wale waliotukimbia, na yule mama mwenye mjukuu. Sikupima kilo ngapi ziliuzwa kwa bei hiyo mpya, ila najua pikapu zilikuwa nyingi. Ningetakiwa kutetea dhamana ya serikali mbele ya Bunge, ningetumia wiki hiyo moja kuliko dola zote 99,000. Chama chenye fedha taslimu mizani ikifunguliwa ni mshindani, na ushindani ule ulimlipa mkulima zaidi ya mkataba wa Ulaya.

Sasa makosa. La bei wengi wanalitazama vibaya. Kufunga bei Julai hakukuwa ujinga. New York ingeshuka hadi dola 2, leo Meku angekuwa anapewa ng'ombe. Kosa ni kwamba tulifunga bei ya kuuzia kontena zima huku bei ya kununulia kutoka kwa wanachama ikiwa imeachwa wazi. Tulikuwa tumeahidi kahawa ambayo bado ilikuwa mtini, kwa wakulima wasiolazimika kutuletea. Mkataba ungeweza kufunga nusu, nusu nyingine ikafuata New York pamoja na nyongeza ya ubora, na kiwango cha chini kabisa cha kutulinda. Mnunuzi aliniambia baadaye kwamba angekubali. Hatukumuuliza.

Makisio ya tani 180 yalikuwa kosa langu la pili. Nilichukua mavuno ya msimu uliopita, uliokuwa mwaka wa neema. Kila mkulima wa kahawa anajua mbuni ukizaa sana mwaka huu, mwakani unapumzika. Mimi nilijua pia, nimekulia chini ya mibuni. Jedwali la kompyuta halikujua, na nililiamini.

Ucheleweshaji wa benki ningependa kuulaumu zaidi, ila sehemu kubwa ilitokana na sisi kuanza Mei. Ukomo wa madeni ungeweza kuombwa Februari, kabla ya mkataba wowote, kwa sababu Mrajis haulizi mnunuzi ni nani. Hesabu zilizokaguliwa zilikuwa tayari kabatini. Kilichobaki mikononi mwa benki ni kukata milioni 270 hadi 160 bila kutueleza kwa nini, na kutoa zote kwa mkupuo Septemba, badala ya kutoa kidogo kidogo kadiri tunda linavyoiva kutoka ukanda wa chini kwenda wa juu.

Kuhusu shilingi, sina la kuwashauri vyama vidogo zaidi ya kutoandika bajeti kwa kiwango kimoja cha dola. Tungepiga hesabu ya 2,400 na ya 2,700 tangu mwanzo, tungemwomba mnunuzi asubiri, au angalau ningeenda kwenye mkutano wa Krismasi na majibu.

Meku nampa alama alizostahili. Senti 20 za mnunuzi, kwa mifuko 234, zilikuwa kama dola 6,000. Zilitoka kwenye simu moja ya ukweli.

Baada ya hapo

Msimu uliofuata bodi iliomba ukomo wa madeni mwezi wa pili, ikaomba mkopo mdogo zaidi, na ikafunga bei ya nusu tu ya mzigo. Mnunuzi yule yule amerudi, safari hii kwa mifuko 160.

Vijana waliotaka kuvunja mkataba walileta hoja nyingine, nayo ikapita: miche 20,000 kwenye kitalu cha chama, igharamiwe kwa mkopo wa miaka mitano. Nimeisaidia bodi kujaza fomu. Ni ile ile ya mauzo ya nje, kwa kuwa ndiyo tuliyopewa. Ukurasa wa tatu unauliza jina la mnunuzi wa ng'ambo, bandari ya kupakilia na tarehe ya meli, na hapo tumeacha wazi.